Kasha Lililoandikwa MBICHI

Mlionifuata mpaka juma lililopita mliniacha nimeshafukuzwa jiko la shule kwa sufuria la maharage yaliyoungua, nimefukuzwa nyumba ya wageni kwa ulimi wangu, na kazi ya tatu nimeipata kwa uongo. Nilimwambia bosi mpya kwamba nimekata samaki miaka sita. Samaki niliyekuwa nimemkata maishani ni wa kukaanga nyumbani, tena kwa kisu cha vitunguu.

Yote niliyowasimulia nyuma yalikuwa mikosi. La leo si mkosi. La leo nililifanya mwenyewe, macho makavu, na atakayeacha kunisoma baada ya hapa sitamlaumu.

Mkahawa wenyewe uko kando ya barabara kuu, katikati ya kituo cha mafuta na ghala la mbolea. Mbele mashamba, nyuma mashamba. Bosi alipika miaka mingi kwenye meli, akajifunza sushi kwenye bandari za Asia, akarudi kwao na visu vinne na ndoto. Akachora samaki kwenye ubao wa nje. Madereva wa malori mpaka leo wanadhani ni kandambili.

Wenyeji walipoonja wali wake uliotiwa siki ukaachwa upoe, jina alilipata siku hiyohiyo: Wali Baridi. Alicheka, akalipokea. Siku za kazi aliwapikia madereva tambi za kukaanga na kuku wa mchuzi mtamu, akingoja Jumapili watu wa mjini waje na magari yao kula samaki ambaye hajaona moto.

Alikuwa na sheria moja tu. Siku yangu ya kwanza alinipeleka chini ya taa, akanionyesha kipande cha samaki. Ndani yake mlikuwa na kitu kama uzi mweupe, kimejikunja. Nikiwa naangalia, kikajikunjua.

“Unamwona huyu?”

“Namwona, bosi.”

“Huyu akiingia tumboni mwa mtu akiwa hai, anang’ata. Dawa yake ni moto, au baridi. Siku saba ndani ya friza. Ambaye hajamaliza siku saba haliwi bila kupikwa. Umenielewa, Dada Kisu?”

Dada Kisu ndiye mimi, walinipa jina hilo kwa heshima, masikini, hawakujua. Na nilimwelewa bosi vizuri sana. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Mwezi wa pili nikamwingiza mdogo wangu kazini. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Mama alipofariki alikuwa na miaka minne. Nimemlea mimi, nimemsuka mimi, hata kuandika nimemfundisha mimi, mezani, kwa penseli fupi kama kidole. Hana mama mwingine zaidi yangu.

Friza ilipoharibika, akaja fundi friji. Kijana mpole, mikono safi. Aliitengeneza kwa siku moja, kisha akawa anarudi kila wiki eti kuangalia gesi. Gesi gani hiyo isiyoisha kuangaliwa!

“Fundi,” bosi akamwambia siku moja, “friza yangu ni nzima. Kama unamtaka msichana, sema.”

Akasema. Kitinda akaangusha bakuli.

Likabaki la wazazi wake fundi. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na kila mtu anamwita Mwalimu, hata mkewe. Yeye hakutaka kuletewa binti nyumbani.

“Sebuleni kila mtu ana adabu,” alisema. “Nataka nimwone akiwa kazini.”

Basi wakapangiwa Jumapili.

Jumapili yenyewe bosi alitoka asubuhi kwenda kuazima viti. Nyuma yake akafika muuza samaki na mzigo mdogo wa alfajiri ileile. Nilifungua friza, imejaa kuku mpaka mlangoni. Nikasema potelea mbali, nitawahamisha kuku baadaye. Nikasafisha samaki, nikawakata minofu, nikawaweka kwenye kasha jeupe la plastiki, nikalitia ndani ya friji.

Humo ndani ya friji mlikuwa na kasha lingine jeupe. Hilo lilikuwa la samaki aliyemaliza siku zake saba, aliyetolewa friza jana yake ayeyuke polepole. Bosi alikuwa ameandika tarehe juu yake, tarakimu tupu, basi.

Nikaona watu wasije wakachanganya. Nikakata selotepu ya karatasi, nikaibandika kwenye kasha langu, nikaandika kwa wino mzito, herufi kubwa: MBICHI.

Mnajua nilimaanisha nini. Tangu nizaliwe, ukienda sokoni ukaulizia samaki mbichi, unapewa aliyetoka majini leo. Hajakaushwa, hajagandishwa. Nilimaanisha huyu bado, msimguse. Tena nilijiona mwangalifu kweli, nikarudi kumenya matango huku naimba.

Wageni wakafika saa saba. Mwalimu ndani ya koti, mkewe na mkoba mapajani, fundi katikati yao anatoka jasho. Bosi alikuwa amerudi na viti vyake, anang’aa kama ndiye mwenye kuoza binti.

“Leo ni siku yako,” alimwambia Kitinda. “Utakata mwenyewe, mbele yao. Mimi nitakaa na wageni.”

Kisha akafika mlangoni pa jiko, akaita kwa sauti:

“Kitinda! Chukua samaki wa mbichi!”

Yeye naye mnajua alimaanisha nini. Samaki wa kuliwa mbichi. Samaki wa siku saba.

Kitinda akafungua friji. Kasha moja lina tarakimu, jingine lina neno, na neno ni lilelile aliloambiwa. Ningekuwa yeye, nami ningechukua hilohilo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimegeukia jiko, napika kuku. Sikuona.

Nilichosikia ni vicheko vya mezani. Mwalimu alikuwa amevishika vile vijiti kama ameshika chaki mbili, na mkewe alikuwa anaitazama sahani kwa mashaka.

“Mwanangu,” mama yake fundi akamwambia Kitinda, “huyu samaki mmesahau kumpitisha jikoni?”

“Ndivyo anavyoliwa, mama.”

“Wa kwangu mpitishe.”

Watu wakaangua kicheko. Kitinda akaja mbio jikoni, macho yanacheka. “Dada, mkaangie mama kipande. Haraka!” Akaniwekea kasha tupu kwenye karo nilioshe, akarudi zake.

Nikafungua friji kutoa samaki wa kukaanga. Kasha la tarehe lilikuwepo, limejaa. Kasha langu halikuwepo.

Nikatazama kwenye karo. MBICHI.

 Nikasogea kwenye kidirisha cha kupitishia sahani, nikachungulia. Kitinda alikuwa amepanga vipande kumi na viwili, vyembamba, vizuri, mpaka leo nikivikumbuka naona fahari na kichefuchefu kwa pamoja. Vilikuwa vimebaki tisa. Mwalimu alikuwa anatafuna.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Ndipo Mwalimu akaweka vijiti chini, akasimama.

“Nimefundisha miaka thelathini na minane,” akasema, “na sijawahi kula samaki ambaye hajaiva. Kusema kweli, sijui kama nampenda. Lakini ametoka mkononi mwa mkwe wangu. Sitabakiza hata kipande kimoja.”

Mkwe wangu! Alilisema hivyohivyo, mbele ya watu wa mjini na magari yao. Fundi akaficha uso. Mama akampigia Kitinda vigelegele, na Kitinda akageuka kunitafuta kwa macho, akaniona pale kidirishani, akanitabasamia.

Nikaufunga mdomo.

Nikajiambia: Dada Kisu, ukipiga kelele sasa, umemwambia mzee huyu kwamba mkwe wake kamlisha minyoo siku ya kukubaliwa. Ukipiga kelele, bosi atauliza nani aliandika, nani alipokea, miaka sita ulikata wapi. Nikajiambia si lazima kila samaki awe na mnyoo. Nikajiambia mengi, na nilipokuwa najiambia Mwalimu alikuwa anakula.

Nikalibandulia lile kasha selotepu yake, taratibu isichanike, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa aproni. Nikaliosha kasha. Kisha nikachukua samaki wa siku saba, yule salama, nikamkaangia mama.

Samaki waliobaki niliwakaangia madereva jioni, mpaka kasha la tarehe nalo likawa tupu. Nikaliosha pia.

Wageni waliondoka saa tisa, Mwalimu akiwa amesahau miwani yake mezani. Saa kumi na moja fundi akapiga simu. Mzee ameshikwa na tumbo, anajikunja, anatapika. Wanampeleka hospitali.

Kitinda hakulala. Mimi nililala, na hilo nalo nalikiri.

Jumatatu asubuhi bosi alitukuta jikoni. Hakuwa na mzaha.

“Nimezungumza na daktari. Anauliza swali moja. Samaki aligandishwa au hakugandishwa? Kitinda, ulimtoa kasha gani?”

“Lile lililoandikwa mbichi, bosi. Si uliniambia wa mbichi?”

“Mimi siandiki mbichi popote. Mimi naandika tarehe.”

“Liliandikwa. Karatasi ilikuwepo.”

Bosi akavuta makasha yote, akayapanga mezani. Meupe, safi, hayana hata alama ya gundi. Mimi nikisugua kitu nakisugua.

Akanigeukia. “Dada Kisu, wewe ndiye uliyepokea mzigo wa jana. Uliandika kitu?”

“Hapana.”

“Mzigo wenyewe uko wapi?”

“Nilimkaangia mama. Waliobaki, madereva.”

Uongo ukishatoka wa kwanza, wa pili hauna kazi. Kitinda akanitazama.

“Dada, si ulikuwa mwandiko wako? Ile M yenye miguu mirefu?”

“Mwandiko gani?” nikamwuliza mtoto niliyemfundisha ile M.

 Nilimwona anafikiri. Niliona mahali alipofika, na niliona alivyogeuza uso asiendelee mbele.

“Labda niliona vibaya,” akasema polepole. “Samahani, bosi.”

“Labda? Mtu anakufa, unaniambia labda?” Bosi alitikisa kichwa. “Unataka kunitia mimi hatiani kwa karatasi isiyokuwepo. Vua aproni.”

Akaivua. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka kwenda hospitali kwa wakwe zake.

Bosi akapiga simu mbele yangu. “Daktari, nimehakikisha. Aligandishwa siku saba kamili. Tatizo si samaki.”

Nami nikachukua kisu nikaendelea na matango.

Haikupita saa, fundi akaingia kwa mlango wa nyuma. Macho mekundu, helmeti ya pikipiki mkononi.

“Shikamoo, dada. Nimefuata miwani ya mzee.”

“Marahaba. Anaendeleaje?”

“Wanampasua.”

Kisu kiliniponyoka.

“Daktari alitaka kwanza kumwingiza kamera tumboni kwa mdomo, amtafute mdudu,” fundi akasema. “Bosi alipompigia akasema samaki aligandishwa, wakaacha. Sasa wanasema ni kidole tumbo, kimekaribia kupasuka. Lakini mzee ana ugonjwa wa moyo, dada. Daktari mwenyewe katuambia, ile dawa ya usingizi huenda asiamke nayo. Kamera haihitaji usingizi ule. Ndiyo maana anataka miwani. Anasema hasaini kitu ambacho hajakisoma.”

Alikuwa amejikaza kisabuni mpaka hapo. Akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

“Dada, niambie ukweli, nakusihi. Friza ilizima? Ni kazi yangu inayomuua baba?”

Mtu mzima analia juu ya ndoo, anajitwika kosa langu, na jibu liko mfukoni mwangu.

“Friza yako haina kosa lolote,” nikamwambia. “Niwashie pikipiki.”

Njia nzima nilikuwa nimeushika mfuko wa aproni. Hakuniuliza kitu. Nadhani aliogopa kuuliza.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa na benchi moja refu. Mama alikuwa amekaa, Kitinda sakafuni miguuni pake, na mama alikuwa ameweka mkono kichwani kwa mdogo wangu. Hata katika hali ile alikuwa hajamtupa. Ningeweza kumbusu miguu.

“Wameshamwingiza,” mama akasema. “Alisaini bila miwani. Mimi ndiye niliyemsomea.”

Daktari alikuwa anapita na gauni la kijani, mikono juu, ndiyo anaelekea ndani. Nilimkingia njia.

“Daktari, subiri.”

“Dada, nina mgonjwa mezani.”

“Ni huyohuyo.”

Nikatoa ile selotepu. Ilikuwa imejigandisha yenyewe kwa yenyewe, ikabidi niikunjue kwa kucha mbele ya watu wote. Nikainyoosha kiganjani.

Akainama, akasoma. “Mbichi.” Akaniinulia macho. “Kila sushi ni mbichi. Hapa maana yake nini?”

Maneno yana huruma wakati mwingine. Ningesema “wa kula bila kupikwa” na lisingekuwa uongo wa mtu kunikamata nao. Ningerudi kazini kwangu.

“Maana yake alitoka majini jana alfajiri,” nikasema. “Hajaingia friza hata dakika moja. Niliandika mimi. Na bosi nilimdanganya.”

 Daktari aligeuka, akasukuma mlango kwa bega, tukamsikia anapaza sauti huko ndani: “Simamisheni! Dawa imeshaingia?”

Mlango ukarudi, ukajifunga. Jibu hatukulisikia.

Fundi alikwenda kuegemeza paji la uso kwenye mlango ule. Mama alikuwa ameanza kuomba, midomo tu inacheza. Kitinda alinyanyuka sakafuni, akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanikumbatia. Mjinga mimi, nilishaanza kufungua mikono.

Aliichukua selotepu kiganjani mwangu. Akaigeuza, akaichunguza pembe zake, hazijachanika hata moja.

“Hii ilikuwa juu ya kasha nilipokuletea kwenye karo,” akasema. “Mezani walikuwa bado wanakula.”

Nikaishusha mikono.

“Kuandika umekosea, nimeelewa. Mimi pia nimekosea kusoma. Hilo nakusamehe sasa hivi, hapa hapa.” Sauti yake ilikuwa ndogo, haina kilio. “Lakini nilikuona kidirishani. Nikakutabasamia.”

“Kitinda...”

“Alikuwa amekula vipande vingapi?”

Mama aliacha kuomba. Nilimsikia anaacha.

Mara ya kwanza maishani mtoto yule alinisemesha na hakuniita dada. Nami nimewadanganya wengi, nyinyi mnanisoma mnajua, lakini pale ulimi wangu ulikataa.

“Vitatu,” nikasema.

Mama alikuwa amekaa ubavuni kwa Mwalimu tangu kipande cha kwanza mpaka cha kumi na mbili. Aliuweka mkoba wake juu ya benchi, akasimama, akaanza kuja.